Mlima Ambao Hatukuupanda

San Sebastián, Loja
Jumapili, 27 Novemba 2011

Mpendwa mdogo wangu Lautaro,

Pokea salamu kabla ya mengine yote. Mama alikuwa akisema barua isiyoanza na salamu ni mtu anayeingia nyumbani bila kubisha hodi, nami sitaki kuingia kwako hivyo, ingawa mimi ni kaka yako mkubwa na haki hiyo ninayo. U hali gani? Lile goti la kushoto linasemaje? Mgongo je, bado unauinamisha kwenye mashamba ya saladi ya watu huko Murcia? Shemeji Encarna hajambo? Mwambie picha tumeipata, na kwamba umenenepa.

Sisi huku hatujambo. Mimi nina miaka sabini na miwili na meno yangu ni yangu, isipokuwa matatu. Gunia la kahawa bado naliinua hadi kifuani, kisha nalirudisha chini taratibu ili watu waone kuwa sikulidondosha. Mwandiko usikushangaze. Unajua shule niliiacha darasa la pili, hasara ikabaki kwa mwalimu. Barua hii nimeianza Jumatatu na leo ni Jumapili. Binti yetu alitaka kunisaidia kuiandika, nikakataa. Yaliyomo humu hayaandikwi kwa mkono wa mtu mwingine, na ukifika mbele utajua kwa nini.

Habari yenyewe ni ya shemeji yako Targelia.

Mwezi wa pili daktari alimkuta na sukari. Alirudi nyumbani, akavuta kiti, akakaa anaitazama miguu yake. Unamkumbuka dada yake, marehemu Rosario. Kwake ilianza kidonda kidogo kwenye kidole, ikaishia mguu kukatwa juu ya goti, na baada ya hapo hakukaa sana. Aliyekiosha kidonda kile mwaka mzima ni Targelia. Kwa hiyo nilipomwona anaitazama miguu yake nilijua ni mguu wa nani anaouona.

Daktari alimwambia atembee. Piedad Chalán, yule jirani anayeuza majani ya kuchemsha pale sokoni, akamchukua kwenye kundi la wanawake wanaocheza ngoma ya redio bustanini saa kumi na mbili asubuhi. Nilikwenda kuwatazama. Wanawake wa miaka sitini, ndugu yangu, wamejibana kwenye suruali za mpira kama soseji, wanaruka. Nilicheka mpaka nikashika mti. Targelia hakuacha kuruka. Aliniambia nicheke tu, kwa kuwa kicheko hakijawahi kumshusha mtu sukari.

Ilipofika Juni hawakuwa wakiruka tena, walikuwa wakikimbia kandokando ya mto. Kisha Piedad akaleta habari za mbio za Novemba, zile zile za sherehe za mji. Kilomita kumi. Zinaanzia San Sebastián, zinafuata mto, zinapanda mlima wa El Pedestal mpaka miguuni pa sanamu ya Bikira, halafu zinarudi kwa njia ile ile. Siku hizi nyuma ya wakimbiaji linafuata lori. Ukikutwa nalo unapandishwa, unavuliwa namba, unarudishwa mjini umekaa kama gunia.

Targelia alisema atazikimbia, na San Sebastián atarudi kwa miguu yake miwili. Alisema mara moja tu. Unamjua, hana mazoea ya kurudia.

Sasa kocha awe nani? Mtaa mzima unajua ni utepe wa nani uliotundikwa sebuleni kwetu ndani ya kioo, kando ya picha ya Bikira wa El Cisne. Ni utepe wa waliomaliza mbio hizo, umeandikwa mwaka 1971. Basi nikawa kocha, na nisijifiche, nilikuwa kocha hodari. Nilinunua filimbi. Nilibeba kigoda changu mpaka mtoni, nikakaa, nikawaamrisha. Piedad aliniuliza kama mwaka ule nilikimbia na kigoda pia. Nikampigia filimbi.

Nikawafundisha mikono, nikawafundisha shingo, nikawafundisha kutema mate bila kumpata wa nyuma. Lakini kila Piedad aliposema leo tukaupande El Pedestal, nilikataa. Nikawaambia mlima haufanyiwi mazoezi, mlima unatunziwa nguvu. Siku ikifika unaingia kifua mbele, mbio, pumzi moja, kabla haujakujua. Mimi ndivyo nilivyoupanda, nikasema.

Lautaro, duniani kote hili tulilijua wewe na mimi tu, au ndivyo nilivyodhani. Wakimbiaji wenzetu walipoanza kupanda, mvua ilikuja. Chini kabisa ya mlima palikuwa na mlango wa Delfina, na ndani ya mlango palikuwa na guarapo, pombe yake ya miwa iliyolala siku tatu. Tuliingia kujikinga na tone la kwanza. Tukanywa kibuyu kimoja kwa ajili ya mvua, na cha pili kwa ajili ya Delfina. Wenzetu walipoanza kurudi kutoka juu, mvua imeshakatika, tukajichomeka katikati yao na kufika San Sebastián mikono juu, tukavalishwa tepe. Pale kwenye mstari palikuwa na msichana anauza machungwa. Alinimenyea moja akakataa malipo. Ndiye Targelia. Ndoa yangu yote, mdogo wangu, imesimama juu ya chungwa lile.

Miaka arobaini uongo ule ulitundikwa ukutani na haukumuumiza mtu. Sasa mke wangu alikuwa anakwenda kuukanyaga kwa miguu yake.

Niliiona hatari mwezi wa kumi. Tulikuwa tunakunywa supu ya ndizi mbichi, akaniuliza pale kwenye kona ya tatu ya El Pedestal pumzi inavutwa vipi. Kona ile naijua kuliko nilivyokijua kitanda cha mama. Miaka thelathini nimepandisha pale magunia ya saruji, majeneza, hata piano ya padri. Lakini naijua kihamali, na niliona aibu kujibu kihamali. Nikajibu kibingwa. Nikamwambia kona ya tatu ndipo mtu anapoongeza mwendo. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye supu yake.

Wiki ya mwisho chakula kilinikataa. Asubuhi moja nilimfuata jikoni anafunga tamale zake za mahindi za kuuza kwenye majani ya achira, nikaanza kumwambia kuhusu ule mlima. Akasema nimshikie uzi. Nikaushika uzi mpaka tamale ya mwisho, na habari ya mlima ikabaki kwangu.

Jumapili ya tarehe ishirini ikafika. Watu elfu mbili San Sebastián, na kati yao yuko Targelia na nywele zake za kusuka, namba kifuani, mdogo kama kuku wa kienyeji. Hakuniaga. Mlio ulipolia alifanya ishara ya msalaba akaondoka. Mimi nikakata njia kwa nyuma ya soko, nikaenda kusimama pale chini ya mlima, kwenye mlango wa Delfina. Siku hizi wanauza simu.

Walipita vijana. Walipita wazee wenye miguu ya vijana. Wakapita watu wanaotembea. Nikamwona Piedad, na nyuma yake Targelia, na nyuma ya Targelia, hatua mia mbili tu, lori na taa yake ya njano. Piedad ameniamini neno kwa neno, maskini. Aliuingia mlima kifua mbele, mbio, na Targelia akamfuata. Kabla ya kona ya kwanza nilimwona mke wangu anapunguza, anashika kiuno, anasimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa anaitazama miguu yake, vile vile kama ile siku ya daktari.

Nilikimbia, Lautaro. Nilikuwa na viatu vya kanisani, nikakimbia. Nilimfikia nikamwambia, "Usifuate nililokufundisha. Mimi mlima huu sikuupanda. Mimi na Lautaro tulikuwa kwa Delfina tunakunywa."

Alikuwa ameinama, mikono magotini. Hakuinua hata kichwa.

"Najua," akasema. "Siku ile wenzenu wote walifika wameloa chapachapa. Nyinyi wawili mlifika wakavu, mnanuka miwa. Sasa acha hayo, Servio. Tangu mwezi wa kumi nakuuliza. Ukiwa na gunia mgongoni, hapa unapandaje?"

Basi nikamwambia. Usipande wima, panda mshazari, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Hatua iwe ya kuku. Macho yabaki kwenye kisigino cha aliye mbele, kileleni usikutazame, kilele hakihami. Kila hatua ya tatu toa pumzi kwa sauti, usione haya. Na usikae. Mzigo ukitua katikati ya mlima, ukiuinua tena umeongezeka.

Tukapanda. Mimi mbele nakata mshazari, yeye macho kwenye visigino vya viatu vyangu vya kanisani. Lori likatufikia mgongoni. Dereva akatoa kichwa dirishani, akaniambia, "Mzee, toka barabarani, huna namba."

Nikamjibu, "Namba yangu nilipewa mwaka sabini na moja. Nimechelewa kidogo tu."

Alicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomlegeza mguu kwenye mafuta. Kona ya pili tulimkuta Piedad amekaa kwenye ngazi ya duka, hana pumzi hata ya kunitukana. Lori likamwokota. Pumzi ilimrudia akiwa juu ya lori, na kutoka pale akanipigia kelele, "Kocha, mbona unapanda kama punda!" Nikamwambia punda ndiye anayefika. Kona ya tatu, ile ya supu, Targelia aliipita anahema kama mvukuto wa mhunzi, na hakusimama.

Juu, aliligusa jiwe miguuni pa Bikira kwa viganja vyote viwili. Nilidhani atalia. Aligeuka akaniambia nibaki pale nipumzike, kushuka hakumhitaji kocha. Akaniacha. Lautaro, ningetaka ungemwona anavyoshuka. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, ana sukari, ameamka saa kumi usiku miaka thelathini kufunga tamale, anashuka El Pedestal kama mtu aliyeitwa nyumbani. Lori lilikuwa bado linahangaika kugeuza pua kule juu. Mimi nimeona wanaume wenye mabega kama milango ya kanisa, na nguvu ya namna ile sijaiona.

Alimaliza akiwa wa tatu kutoka mwisho, wawili amewapita kwenye mteremko. Hao wawili wa nyuma mmoja alikuwa akitembelea mkongojo.

Mimi nilifika San Sebastián wanakunja kamba. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, medali shingoni, anamenya chungwa. Alinipa. Akasema hili ndilo langu, kwa maana lile la kwanza alimpa mwongo mwenye meno mazuri. Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Alifikiri, akatema mbegu.

"Mlima ule umeupanda mara elfu, na mizigo ya watu mgongoni," akasema. "Nilikuwa nashangaa tu kwa nini unajisifia ile mara moja ambayo hukuupanda."

Nikalila chungwa langu lote. Neno hilo nakuandikia ili uhifadhi kumbukumbu.

Jioni nilitaka kuuteremsha utepe. Alinizuia. Aligongea msumari medali yake juu kidogo ya utepe, si sana, kiasi cha kidole, lakini juu. Wiki hii daktari amempima, sukari imeshuka, akamuuliza amefanya nini. Nilimjibu mimi, kwamba ana kocha. Na Piedad siku tatu hakunisalimu, ya nne akaja mlangoni kutaka afundishwe kihamali. Sasa kila asubuhi nina wanawake kumi na mmoja wanakata mshazari El Pedestal, na kigoda nimekiacha nyumbani.

Limebaki lako. Nasikia utepe wako unao hapo Murcia, na kila Krismasi unawasimulia ndugu za Encarna jinsi ulivyoupanda El Pedestal kwenye mvua. Targelia anasema uuteremshe, au uje Novemba ijayo uupande. Mimi nimeshaupanda, kwa hiyo utepe wangu sasa ni halali, na katika familia hii mwongo umebaki peke yako. Njoo, mdogo wangu. Nitakwenda mbele, wewe weka macho kwenye visigino vyangu. Goti lisikutie hofu, mshazari unayahurumia magoti.

Msalimie sana Encarna na ndugu zake, lakini hayo ya utepe wasimulie mwenyewe. Targelia anakusalimu, binti yetu anakusalimu, na Piedad anasema aliyekunywa guarapo ya Delfina wakati wenzake wanaloa, naye asalimiwe. Bikira wa El Cisne akufunike kwa joho lake, akulinde na baridi ya huko, akurudishe kwetu ukiwa na miguu yako miwili.

Ni mimi kaka yako akupendaye, na aliyeupanda,

Servio Sarango