Nimekata uzi wa Ramazani

Rumonge, Jumapili, mwezi wa sita 1972

Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria. Kiangazi kimeanza. Siku nyingine ningelalamika, leo nimefurahi kupata kitu cha kufuta. Nimefuta kabati, nimefuta meza, nimerudi kuifuta meza. Mama mkwe akaniuliza kama nataka kuitoboa.

Siwezi kukaa.

Nikikaa nasikia magari. Nikisimama nayasikia pia, ila angalau mikono ina kazi. Likipita gari barabara kuu tunanyamaza wote wawili mpaka lipotelee mbali, halafu mama mkwe anaendelea kuchambua ndagala zake, vile visamaki vidogo vya ziwani, na mimi naendelea na langu. Hatuulizani lilikuwa gari la nani. Mwezi uliopita wapo watu wa mtaa huu walioitwa na askari, wakaenda, na hawajarudi. Wapo waliovuka ziwa bila kuaga. Jua likikaribia kuzama milango yote inafungwa, na redio ya jirani inatuambia kwamba nchi imetulia.

Ramazani hakuitwa. Hakuwepo wa kuitwa. Mume wangu ni fundi wa nyavu, na mwezi wa nne, kabla mambo hayajaharibika, alikwenda Kabonga kwa mvuvi mmoja ambaye nyavu zake zilichanika. Alisema ni kazi ya wiki moja. Aliondoka na kikapu cha sindano zake za mti na shati moja la kubadilisha, na tangu hapo sijapata neno lolote, la kheri wala la shari. Kabonga iko karibu na mpaka wa Tanzania, kwa hiyo siku nikiamka vizuri namwona yuko Kigoma amekaa kwa watu, anakunywa chai. Siku nikiamka vibaya siandiki namwona wapi.

Baba yake alitoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, na Ramazani anaongea vilevile kama watu wa kule. Mwaka huu si vizuri mtu kuongea hivyo kwenye vizuizi vya barabarani, maana inasemwa waasi walitoka ng'ambo. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko nilivyokula.

Basi leo nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu mama mkwe alikasirika mpaka akaacha kula, na sina mwingine wa kumwambia.

Lilianza na ua. Jirani yetu aliyevuka na watoto wake aliacha ua linalotambaa, ndani ya kopo la maziwa ya unga, pale mlangoni pake. Kila nikipita naliona linanyauka mbele ya mlango uliofungwa. Juzi nikalichukua, nikaliweka barazani kwetu. Kuku wa mama mkwe wakaanza kulinyonyoa. Nikalihamishia dirishani, wakapanda dirishani. Nikawafukuza mpaka mama mkwe akataka kujua kuku wamenikosea nini. Asubuhi hii, baada ya kuimaliza ile meza, nikaamua kulitundika.

Kutundika kopo nakujua. Mwaka wa uhuru nilikuwa na miaka kumi na miwili, na masista walikuwa wanatufundisha kazi za mikono, Waislamu kwa Wakristo. Tulisuka vishikio vya kamba ya katani, mafundo matupu bila sindano, tukatundika makopo ya maua kuzunguka jukwaa la wakubwa. Vidole vilichubuka, nami nikatembea mtaani kana kwamba uhuru nimeuleta mimi. Mwezi ujao uhuru unatimiza miaka kumi. Sijasikia mtu akitaja maua.

Kamba ya katani sina. Uzi uliomo humu ndani ni mmoja tu, bobini ya nailoni ya Ramazani, ule uzi mnene wa kufungia kingo za wavu. Hukaa juu ya kabati, na haiguswi. Niseme ukweli, Ramazani ni mtu mpole. Chumvi ikizidi anakula. Nikichelewa kwetu ananingoja kimya. Lakini gusa uzi wake uone. Siku moja nilikata kipande kidogo cha kufungia mfuko wa unga, na habari ya kile kipande niliisikia mpaka unga ukaisha.

Mama mkwe alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa. Nilipanda kiti nikaishusha.

Nikapima kwa mikono yangu, pima mbili kwa kila uzi, nikakata nyuzi nne. Mkasi ulilia vizuri. Nikazikunja katikati na kuzipitisha kwenye pete ya chuma niliyoitoa kwenye ndoo mbovu, zikawa ncha nane zinazoning'inia. Ncha hizo unazigawa mbili mbili na kila jozi unaipiga fundo. Chini yake unachukua ncha moja ya jozi hii na moja ya jozi ya jirani, unapiga fundo tena, unazunguka hivyo mpaka unapata matundu kama ya kikapu. Unarudia mara moja, halafu unazikusanya ncha zote ziwe fundo kubwa, na juu ya hilo ndipo kopo linapokaa. Hata mtoto anaweza.

Lakini nailoni si katani. Mafundo ya masista yaliteleza. Kila nikiweka kopo yalilegea polepole na kopo likainama upande kama mlevi. Nikafungua, nikafunga, nikafungua. Nikatukana kidogo, Mungu anisamehe. Mara vidole vikapiga fundo lingine ambalo sikufundishwa na mtu: kitanzi, uzi unapita nyuma, unarudi, unavutwa kwa meno. Likakamata. Lilikuwa fundo la wavu. Miaka mitatu nimekaa pembeni ya mtu anayelipiga kutwa, nikichambua mchele wangu, nikidhani simwangalii.

Hapo nililia. Nikajifuta kwa kitenge nikaendelea na mafundo yaliyobaki, maana kazi ya nusu ni mbaya kuliko kutofanya.

Nikapigilia msumari kwenye boriti ya baraza, nikalitundika. Lilipendeza. Majani yaliteremka pande zote, kuku wakabaki chini wananyoosha shingo, na kwa muda mfupi sikuwa na wazo lolote kichwani. Ni muda huo mama mkwe aliporudi.

Alilitazama kopo. Akatazama mezani ndani, pale bobini ilipokuwa, na mkasi pembeni.

"Umekata nyuzi ya mutu iko muzima?"

Alisema taratibu sana. Nilimwambia ni kwa sababu ya kuku. Akaingia chumbani kwake na kufunga mlango, na chakula cha mchana nilichompelekea kilibaki vilevile.

Sikujua. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, kwetu uzi ni uzi tu. Kwa watu wa nyavu, kumbe, mama mkwe alinieleza kupitia mlango uliofungwa, uzi wa mtu aliye safarini haukatwi. Unakatwa akishazikwa, vitu vyake vinapogawiwa. Miaka yote hii nilidhani ni ukali wa Ramazani peke yake, kumbe amezaliwa nao. Na mimi nimemwekea mama yake matanga nyumbani, mchana kweupe, kwa ajili ya kopo la maua.

Nimejiuliza mchana kutwa kwa nini nilifanya hivyo. Kuku ni kisingizio, ningeweza kuwafunika kwa tenga. Kwanza niliogopa. Nilijiambia, Zaituni, labda moyo wako umeshamzika, ndiyo maana ulikata bila kusita. Wazo hilo lilinikalisha chini kwa mara ya kwanza leo.

Lakini si hivyo. Nimelichunguza na si hivyo.

Wiki hizi zote nimekuwa mke mwema. Nimeswali, nimefunga sunna, nimemtunza mama yake, sijapaza sauti. Kila anayekuja ananiambia subira huvuta heri, na mimi naona heri hii imekuwa nzito, nimeivuta mpaka mikono inauma. Wema haukumrudisha. Basi nikafanya lile moja ambalo Ramazani havumilii, lile ambalo hata akiwa amelala huamka akauliza nani huyo ameshika mkasi. Nilitaka kumchokoza. Nilikata nikisikiliza mlango. Ni upumbavu, najua. Sikuwa na kingine cha kujaribu.

Alasiri nikapanda kiti ili nishushe kila kitu, niunganishe nyuzi na kuzirudisha kwenye bobini kabla mama mkwe hajatoka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nilitaka anione ninazoa. Mafundo yakakataa. Fundo la wavu halifunguki kwa kucha, na kulikata tena nisingethubutu. Nilikuwa bado nimesimama kitini, fundo liko katikati ya meno, mlango wa chumba ukafunguka.

Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshika kikombe cha maji.

"Acha," akasema. "Usifungue. Akuje akugombeze yeye mwenyewe. Mambo ya mutu na bibi yake, mimi sitaingia."

Nikamwita, "Mama." Akanipa kikombe kwa mkono ulionyooka, nami nikakimwaga chote kwenye kopo. Maji yalikuwa mengi, yakavuja chini mpaka kuku wakakimbia. Hakucheka, ila alibaki amesimama pale, ameshika mguu wa kiti ili nisianguke. Jioni amekula.

Sasa tumefunga mlango na nje bado kuna mwanga kidogo. Kopo nimeliingiza ndani, nimelitundika kwenye kitasa cha dirisha. Mama mkwe anapukusa mahindi, mimi nimekaa napanga majibu yangu.

Akisema nimemaliza uzi wake, nitamwonyesha bobini, bado imejaa. Akisema mafundo ni mabaya, nitamwambia ni yake mwenyewe, ajilaumu. Akisema hata kungoja siku chache nimeshindwa, hapo nitalimwagilia ua maji. Naye atapandisha sauti kama anavyoipandisha kwa jambo hili tu. Mama yake hatanitetea, ameshasema. Majirani waliobaki watasikia.

Na wasikie. Nataka mtaa mzima usikie Ramazani ananigombeza.