Makombe Katika Dari ya Bafu

Jumamosi. Mvua imekatika tangu asubuhi na Mwabungo yote inanukia udongo mbichi. Mimi nanukia saruji. Mabega yananiuma, vumbi limeniingia nyweleni licha ya leso mbili nilizojifunga, na bado nacheka peke yangu.

Leo tumebomoa lipu ya dari bafuni ili juu ya shawa papigwe vigae.

Vigae darini vya nini? Ni kwa ajili ya mama. Ramadhani iliyopita kipande cha lipu kilidondoka alipokuwa akioga, kikampita begani. Alhamdulillahi kilimkosa, lakini tangu siku hiyo hataki kuingia humo. Anaogea uani, nyuma ya makuti, kwenye utelezi, mvua au jua. Kila nikisikia ndoo inagonga jiwe nashtuka. Umri wake si wa kuanguka tena.

Kwa haraka zangu nilitaka vigae vibandikwe juu kwa juu. Fundi Omari akagonga dari kwa mpini wa nyundo, ikalia kama mtungi mtupu.

"Lipu hii imeshaachana na zege, dada. Tukibandika, vigae vitashuka pamoja nayo. Na itoke yote."

Tukashika tindo na nyundo, yeye na mimi. Kila kipande kilichoanguka kilikuwa na makombe ya baharini ndani yake, madogo, meupe. Mchanga wa pwani! Marehemu baba alipiga lipu kwa mchanga wa bure, na chumvi yake yote, kama wengi hapa walivyofanya. Chumvi ikavuta unyevu miaka nenda miaka rudi, ikaila lipu polepole. Nikaanza kunung'unika kwa sauti, maana kunung'unika nakujua.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Usimlaumu babako. Mchanga huo niliubeba mimi na majirani, kwa vikapu, nawe umo tumboni. Twakutafutia pa kulala."

Nilishikwa na haya. Makombe machache nimeyaosha, nimeyaweka dirishani. Watu walinibebea nyumba kichwani kabla hawajaniona sura, nami nalalamikia mchanga.

Omari akaisugua zege kwa brashi na maji baridi kuitoa chumvi, akaidonoa ili lipu mpya ipate pa kushika. Kesho ataiosha tena, kisha tutaiacha ikauke. Atapiga lipu kwa mchanga wa mto, vigae vifuate. Hana haraka, na mimi yangu imeniisha.

Alipoondoka, mama akaingia bafuni na ufagio. Akaigonga dari kwa mpini, pembe hadi pembe, ametega sikio. Zege ikamjibu kwa sauti nzito, kila mahali. Akaenda chumbani, akarudi na leso na sabuni, akafunga mlango.

Naandika haya barazani, nikisikiliza maji ya shawa.

Hakijapanda kigae hata kimoja, na mama anaoga ndani.