Pesa za Matunzo Nisizoziona

S.L.P. 14,
Kendu Bay.
9 Machi 1967

Kwa Shemeji Elkanah,

Nakusalimu kwa heshima ya marehemu mume wangu, si kwa yako. Huku tu wazima. Binti yangu Awino aliugua malaria wiki mbili, sasa amepona. Natumaini nyumba yako huko Nairobi haina mgonjwa.

Jumanne chifu aliniita ofisini kwake. Nilimkuta na ofisa wa kodi, Bwana Omwenga. Niliogopa, nikadhani ni kwa sababu ya samaki ninaokausha na kuuza sokoni. Nikaeleza yote. Ofisa akaniambia kwa upole kwamba mshahara hutozwa kodi, faida ya biashara hutozwa, hata pesa za vyumba vya kupangisha. Lakini faida yangu, alisema, ni ndogo mno.

Kisha akaongeza, "Na zile pesa za matunzo anazokutumia shemeji yako kila mwezi, usiwe na wasiwasi. Hizo si mapato yako. Hazitozwi."

"Pesa gani?" nikauliza.

Akanigeuzia karatasi. Mwandiko wako naujua. Uliandika kwamba wewe ndiwe unayewalisha na kuwasomesha watoto watatu wa ndugu yako. Kwa ajili hiyo mshahara wako umepunguziwa kodi miaka miwili.

Elkanah! Fanuel alifukuzwa shule mwaka jana kwa kukosa karo. Nilikuandikia mara mbili, hukujibu. Kumbe jina lake ulikuwa nalo, unalila.

Chifu alinivuta kando. "Nyar Kisii, binti wa Kisii, huyo ni damu ya watoto wako. Sema tu ulipokea."

Nilimfikiria mama yenu, ambaye anakutaja katika kila sala. Halafu nikamfikiria Fanuel, anayevuta nyavu za watu akiwa na miaka kumi na mbili. Nikamwambia ofisa sijapokea hata senti moja. Akaandika, akanisomea, nikatia sahihi.

Barua ya watu wa kodi itakufikia. Usitafute mchawi. Ni mimi.

Mama anakusalimu, hajui lolote, nami sitamwambia. Mkeo Leonida mpe salamu zangu, yeye hana kosa. Watoto hawakunituma neno kwako.

Mungu akupe afya njema na miaka mingi kazini, uweze kulipa.

Ni mimi, mke wa ndugu yako,
Bonareri