Sarafu Kichwa Chini

4 Februari

Bibi kipenzi,

Shikamoo. Hujambo? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni za kufulia mashuka ya hoteli. Mwenzangu wa chumba amenifundisha karata za ramli. Nakutumia seti nzima tusemezane sisi wawili, maana yule fundi cherehani anayekuandikia barua, mdomo wake hauna kifungo.

Karata ya kikombe ni maji, yaani mapenzi. Upanga ni upepo: maneno na machungu yake. Fimbo ni moto, hamu ya kazi. Sarafu ni udongo, yaani mwili wenyewe. Karata ikikaa kichwa chini, kitu hicho kinakwisha.

Mjukuu wako,
Kiroboto

26 Februari

Kiroboto wangu,

Marahaba. Umekula? Mimi nipo. Siri yako kanisomea fundi mwenyewe, maana mie maandishi nayaona kama nyayo za kuku. Kacheka mpaka sindano ikamdondoka. (Andika hivyohivyo, fundi, usininunie.) Lakini keshasahau ipi ni ipi. Mie nizisahau karata? Vikombe vyenu ndiyo kopa yetu, panga ndiyo shupaza. Babu yako nilimfunga mpaka akawa ananuna kabla hatujagawa.

Humu nimekuwekea karata moja. Isome kabla hujaongeza mkataba wa kazi huko hotelini.

Bibi yako

20 Machi

Bibi,

Shikamoo. Niliikung'uta bahasha kwa pupa, ikadondoka karata ya sarafu mezani, wima, kichwa juu! Kumbe mwili wako una nguvu! Nilivyokuwa na wasiwasi, siku hiyo nililala fofofo. Basi nimeweka sahihi, mwaka mmoja tena. Pasipoti anakaa nayo msimamizi mpaka uishe, lakini maadamu u mzima, tutaonana tu.

Kiroboto

15 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba, mama. Niliiweka kichwa chini. Nilimwambia fundi ageukie ukutani, nikaitia polepole kama natia yai. Wala haikunijia kwamba bahasha inarushwa, inabiringishwa, inakaliwa. Zezeta mimi, na wewe zezeta mwenzangu.

Sasa fundi anaandika wazi, ingawa ananiloweshea karatasi. Ini limekwisha. Daktari kasema nirudi nyumbani nikapumzike, na mie najua maana ya kupumzika. (Lilia kule, fundi, wino unachuruzika.)

Hutanikuta. Usigombane na msimamizi, usitoroke, usije ukafungwa kwa ajili ya ajuza. Na nikisikia unajilaumu, nitainuka nilipo nije nikuchape.

Nilitaka nikuone, basi. Nikusuke, unipigie kelele kwamba navuta.

Humu kuna kikombe, kimejaa. Fundi amekitia uzi mwekundu upande wa juu. Ukikikuta kimepinduka, kigeuze. Hiyo ni bahasha, siyo mimi.

Bibi yako