Ndevu za Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimenyoa puto, mtihani wa mkono wa kinyozi! Nimelipaka povu, nimepitisha wembe juu mpaka chini — halijapasuka. Tangu tezi ya shingoni iharibike na moyo uanze kwenda mbio ovyo, mikono ilikuwa ikitetemeka hadi kikombe nakishika kwa miwili. Mwaka mzima nanyoa wateja kwa mashine tu. Sasa vidonge vimefanya kazi. Nimefunga mlango wa saluni nikacheza peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Kliniki. Daktari kasema moyo umetulia, tezi nayo imetulia. Nikauliza vidonge naacha lini. Kacheka! Eti nitazeeka navyo, nisiruke hata siku moja. Haya.

Jioni kaja mwanangu. Jumamosi anaoa, na ndevu zake hamwachii mtu ila baba yake, tena kwa wembe. Nimekubali hajamaliza hata kusema. Machozi nikasingizia sabuni.

Alhamisi, 6 Machi

Mjinga mimi. Jana na leo sijameza. Nilitaka kumnyoa mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe, si mkono wa kuazima kwa vidonge. Kiburi! Mchana maputo matatu — pa! pa! pa! — jirani akadhani harusi imeanza. Moyo mbio kama umechelewa mahali.

Mama watoto kaona pakiti hazijaguswa. Sikio la kufa halisikii dawa, kasema, na safari hii hakuwa anatania. Kanishika mkono hadi kliniki. Daktari kapima, kasema nirudie dozi ile ile, nisiongeze ya kufidia. Mkono huenda ukatulia kabla ya Jumamosi, ila haahidi.

Njiani nimemweleza mama watoto habari ya mkono wa kuazima. Kaniuliza: na hiyo miwani uliyovaa, unaona kwa macho ya nani? Nikacheka, naye akacheka huku bado kanuna.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemeza asubuhi, nimemeza jioni. Mama watoto ananiamuru nifungue mdomo aone. Mtu mzima mimi! Vidole bado vinacheza kidogo. Nimemwambia mwanangu ukweli wote, na kwamba mtaa wa pili kuna kinyozi hodari. Kasema kesho saa moja yuko kwangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemeza. Moyo unatembea, haukimbii.

Mwanangu kafika anapiga mluzi, kajitupa kitini. Nimempaka povu. Nikainua wembe — kidole kidogo kikacheza. Kimoja tu! Nimemwambia nakwenda kuunoa. Uongo, niko nyuma ya pazia na daftari. Mama watoto mlangoni anauliza kama bwana harusi ataoa leo au mwakani.

Nimechungulia. Mtoto kafumba macho, kainua kidevu, shingo yote wazi. Hana hata wasiwasi! Jamani, furaha hii nitaiweka wapi?

"Baba, povu linakauka!"

Hebu tazama mwandiko huu. Umenyooka, mstari hadi mstari. Anaita tena — naenda, wembe mkononi.