Upande Wako wa Bonde la Mpunga

Mama Salumu, mke mwenzangu mpendwa,

Mvua imechelewa tena. Nimekaa shambani tangu asubuhi, kwenye kibanda chetu cha njia ya Kibombo, na sina wa kumwambia kwamba imechelewa. Mwanao Salumu aliniletea habari ya kifo chako kutoka machimbo ya Kama, na misimu imepita tangu hapo, lakini nikiona jambo geni shambani bado nageuka kukuita.

Nakumbuka tulivyokuja huku wakati wa vita. Mume wetu alikuwa ameondoka na baiskeli kutafuta chumvi, kwa sababu treni ilikuwa haifiki tena Kindu, na hakurudi. Wewe mke mkubwa, mimi mke mdogo, tulikuwa tukipishana uani bila salamu. Siku askari walipoingia mtaani kwetu, ulikuja mlangoni kwangu na mtoto mgongoni, ukaniambia niache vyombo, nibebe mbegu ya mpunga. Njiani nikaanza kuuliza nani atakuwa mkubwa huko porini. Ukasimama.

“Tukigombana, batoto batakufa njaa,” ukasema.

Hatukuzungumza tena habari za ukubwa. Msitu ulituficha. Kijito kilikuwa na maji hata kiangazi, tukalima bonde, wewe upande wa kijito, mimi upande wa njia. Mvua ya kwanza ikianguka tulipanda, na tukipanda mpunga uliota. Tulikula wali bila chumvi, na samaki wadogo ambao watoto waliwavua kwa vikapu. Hakuna mtoto wetu aliyekufa. Watu wananiambia miaka ile ilikuwa ya taabu kuliko hii, na ni kweli, usiku hatukulala kwa hofu. Lakini shamba halikutudanganya.

Amani iliporudi, mpunga huo ulimsomesha Salumu na Aziza wangu, ukatuwekea mabati juu ya nyumba. Kisha wakaja watu wa makala, wale wachoma mkaa. Mji ulikuwa umekua, kila jiko linataka makala, na wenye ardhi ya juu ya kijito wakawauzia miti yote. Unakumbuka walivyochoma? Waliwasha tanuri wakaenda zao kunywa, wakirudi wanakuta miti mikubwa imekuwa majivu, halafu wanakata mingine. Kijito kikakonda. Na mvua nayo ikaacha kujulikana: inaanza, tunapanda, inakatika, jua linaunguza miche, halafu inashuka yote kwa pamoja, na kwa kuwa huko juu hakuna kitu cha kuizuia, inabeba udongo na mbegu mpaka mto Lualaba. Tulipanda tena, tukapanda tena, mpaka tukala haba ili tubakize mbegu.

Ule mwaka mmoja mavuno yalipokuwa mazuri, tulicheka kama wasichana. Tukapanga magunia kando ya njia. Lori likakwama kwenye matope, treni haikuja, na mvua ikanyesha katika mwezi ambao zamani ulikuwa mkavu kabisa. Sokoni Kindu watu walikuwa wananunua mchele uliotoka ng'ambo, huku mpunga wetu unaota ndani ya magunia. Ulifungua gunia moja, ukaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ukautoa haraka kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Hukulia. Ulisema tu umechoka.

Jioni hiyo uliniambia utamfuata Salumu huko Kama, uwapikie wachimba dhahabu. Nilikusihi sana. Ukaahidi kwamba ukishatulia utaniita. Homa ikakuwahi. Sikukuosha, sikukushonea sanda, na kaburi lako silijui.

Aziza ameolewa Punia, na kwa barabara zile simwoni. Salumu alikuja mwezi uliopita. Alizungumza nami kwa adabu, akaniomba niwauzie bonde wachoma matofali, niende kukaa naye. Alisema shamba hili linakula kuliko linavyolisha. Nimetazama mbegu ninayoipoteza, vibarua, na magunia yasiyofika sokoni, na sikuona pa kumpinga. Nilimwomba anipe msimu mmoja tu. Alipoondoka nilisimama njiani mpaka nisione vumbi la pikipiki yake, kisha nikapika chakula kingi, kwa mazoea, nikakila siku tatu.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuandikie. Amekuja mwanamke kijana anayeitwa Furaha, amekimbia na wanawe kutoka pande za Kabambare, kwa vita vya sasa. Aliniomba alime upande wako, ambao tangu uondoke sikuugusa. Nilimwambia arudi kesho. Kesho yake nikamwambia hivyo hivyo. Juzi nikampa. Ameanza kwa kupanda migomba na miti kwenye ukingo wa kijito ili udongo usiende, na mimi namsaidia, ingawa sijui kama nitaiona ikikua.

Mchana aliweka jembe chini akaja kukaa karibu nami.

“Mama, hii sehemu ilikuwa ya nani?”

Nilitaka kusema ya mke mwenzangu.

“Ya dada yangu,” nikamjibu.

Neno hilo sikukuita hata siku moja ulipokuwa hai. Nimelisema mbele ya mgeni, kisha nikaenda kijitoni kunawa uso, na nilikaa huko muda mrefu.

Pumzika huko Kama, Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Mama Aziza