Kungoja Mluzi wa Nyundo

6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kwamba macho yako hayajazidi kuwashwa na ule moto wa kuchomelea. Mimi nipo, ila si mzima. Taya limevunjika, limefungwa kwa waya, na nanyonya supu kwa mrija kama kitoto. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu siwezi kuongea, na hata ningeweza, kwa hilo sikio lako lililofia ulingoni tungebaki kupigiana "haloo" tu.

Nimepigwa, Baba. Ni yule mwanamke wanayemwita Tingatinga. Raundi ya tatu mimi ndiye niliyekuwa namtwanga. Nyusi yake imepasuka, damu inamwingia jichoni, haoni. Nikamtupia ile ya kushoto ya kutoka kiunoni, ikamkaa sikioni pwaa! Miguu ikamlegea. Halafu mimi nikasimama. Haki ya Mungu nikasimama, mikono imeshuka, kama mtu anayengoja kuitwa jina hospitalini.

Unajua nilikuwa nangoja nini? Mluzi wako. Miaka yote uliyonifundisha pale karakana yako, ngumi ikikaa sawa hukusema kitu, ulipiga mluzi mmoja kupitia pengo la jino lako. Ikikosea, ulinichapa kiwiko kwa mpini wa ufagio. Sikuwahi kupiga ya pili kabla ya kusikia ya kwanza imekubaliwa. Tingatinga hana habari na mluzi. Alinipiga kutoka chini, nikasikia mfupa ukivunjika ndani ya kichwa changu, nikatema damu na jino juu ya viatu vya mwamuzi. Kocha akaniuliza, "Ulikuwa unangoja basi?"

Waandaaji wanasema nikipona watanirudisha ulingoni na Tingatinga. Nakuomba neno moja tu, Baba. Naweza au siwezi? Ukisema siwezi natundika glovu, nabaki na kazi yangu ya kufua shuka za hoteli.

Mwanao,
Siafu

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, macho ni yale yale. Pole kwa taya. Langu liliunga mara mbili na bado natafuna mifupa.

Kiwiko chako cha kushoto hupanda kabla ya ngumi. Nimekwambia hivyo tangu una meno ya utoto. Mengine uliyoandika ni maneno.

Unaniuliza unaweza au huwezi. Tangu lini ngumi ikapigwa kwa barua? Mpiganaji anayeuliza kama anaweza, yule wa kona ya pili ameshamjibu. Rudi nyumbani. Mageti yamejaa uani yanangoja kuchomelewa na mikono yangu siku hizi inatetemeka. Jirani yetu mwashi kila akipita anacheka kwamba binti wa Nyundo, jina langu lile la ulingoni, katandikwa kama godoro. Namtazama tu.

Baba yako

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Waya zimetolewa, natafuna upande mmoja. Wewe je, mikono imetulia?

Barua yako niliisoma nikalia, kisha nikaikasirikia, kisha nikalipiga begi la mchanga mpaka vidole vikachuruzika damu. Kocha amenipa dada mmoja muuza mkaa wa kufanya naye mazoezi, mzito huyo, ngumi zake kama magunia yake. Kila nikipiga nikasita, ananizamishia moja ya tumbo. Nimeshatapika kila pembe ya ule ukumbi, Baba, na bado nasita.

Sasa sikia. Juzi kazini msimamizi alimkuta Shangazi amekaa chini. Shangazi ndivyo tunavyomwita mama mmoja mtu mzima ninayekunja naye shuka. Alikuwa anapumzisha mgongo tu, maskini. Yule bwana akamshika mkono, akaubandika kwenye pasi kubwa, ile inayotoa mvuke. Ngozi ililia tssss. Sikumbuki hata nilivyovuka chumba. Nilimpiga ya ini, akainama. Nikampiga ya kidevu, akakaa ndani ya kikapu cha taulo chafu, mdomo umejaa damu.

Na hapo nikasimama tena! Mikono chini, nageuza shingo, nangoja. Mashine zinazunguka zenyewe. Shangazi, na kiganja chake kimebabuka hadi nyama nyekundu, akanifokea, "Unamtafuta nani, wewe? Humu tuko wenyewe!"

Kumbe msimamizi ameinuka na chuma cha kutundikia nguo. Alinichana bega. Safari hii sikungoja cha nani wala nani. Nilipiga, nikapiga, nikapiga, mpaka chuma kikamdondoka. Kisha nikaacha, kwa sababu nilijua imetosha. Hakuna aliyeniambia imetosha, Baba. Nilijua mwenyewe.

Tumefukuzwa sote, yeye na sisi. Naishi kwa Shangazi, namfungia bandeji, yeye ananipikia na kunitukana. Sirudi nyumbani. Nimekubali kurudiana na Tingatinga mwisho wa Agosti. Lakini sikufichi, lile neno bado nalitaka. Liseme, Baba, hata kwa kunitukana kama Shangazi.

Mwanao,
Siafu

11 Julai

Baba,

Shikamoo. Naomba uwe mzima, maana umenyamaza tangu mvua mpaka jua.

Mwanzoni nilikuwa nakimbilia posta na glovu zikiwa bado shingoni. Yule karani akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Nililia njiani, sioni haya kukwambia. Sasa napita pale nikiwa na safari nyingine tu.

Dada muuza mkaa hanipati tena tumboni. Wiki hii nilimvunja ubavu kwa bahati mbaya, nikamwomba radhi, tukacheka, yeye akacheka kidogo kwa sababu ya ubavu. Nikipiga moja, ya pili iko njiani.

Sikuulizi tena kitu. Nakupa habari tu, kama mtoto anavyompa mzazi wake habari. Ni tarehe 29 Agosti, saa kumi jioni, ukumbi ule ule nilikovunjwa taya.

Mwanao,
Siafu

4 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Sikungoja shikamoo yako leo, nimeanza mimi. Bega limepona? Huyo Shangazi mkono wake unakunjika?

Kimya changu kilikuwa na kufuli. Yule mwashi alisimama getini kwangu akasema binti wa Nyundo afadhali apigane na mashuka. Nilimvunja pua, akaanguka, nikamfuata chini nikamvunja na mbavu. Majirani walinitoa juu yake. Nikafungwa. Barua zako zote mbili nilizikuta zimelala chini ya mlango, vumbi juu, wiki moja kabla ya pambano.

Nilikuja. Nilisimama nyuma kabisa, nimejibanza kwenye nguzo. Nilimwona yule jike anavyolitafuta taya lako, raundi baada ya raundi, halengi kitu kingine. Alipokuangusha raundi ya pili nilijiuma mkono nisipige kelele. Uliinuka na damu inakudondoka kidevuni, na hukutazama kona, hukutazama watu. Ulimtazama yeye.

Raundi ya tano ukamtupia ile ya kushoto. Kiwiko chini, safi. Mluzi ukanitoka, mama. Sikuupanga, ulinitoka tu. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama, na papo hapo nikaona ngumi yake inakuja, nikasema basi, nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu. Wewe ulikuwa umeshainama. Ikapita juu ya nywele zako. Ukampa ya ini, ukampa ya kidevu, akaanguka kifudifudi, kinga ya mdomo ikateleza mpaka miguuni pa mwamuzi. Alihesabiwa akiwa amelala.

Nilifika hadi mlango wa chumba mnachobadilishia nguo. Nikakusikia ndani unacheka na kocha wako. Mkono nimeshauinua nigonge, nikaushusha, nikaenda stendi. Usiniulize kwa nini.

Ulipigana vizuri. Haya, nimesema. Vizuri sana. Sasa na wewe nijibu. Ulinisikia? Na ile ngumi, mimi nilikufundisha vyema au nilikuharibu? Kila nikisikia kengele ya baiskeli ya mtu wa posta naacha chuma kinaungua naenda getini. Usinikawize.

Baba yako,
Nyundo

20 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Bega limepona, jicho moja bado limevimba. Shangazi anakunja mkono wake vizuri, juzi kanizaba nao kofi kwa kuacha sufuria chafu. Anakusalimu, anasema wewe na mimi wote vichwa vyetu vya chuma.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Si kwa kukukomoa. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia ukweli bila kukuumiza.

Mluzi niliusikia. Nisiusikieje? Nimekua nao. Moyo uliniruka nikajua umekuja, na shingo ilitaka kugeuka, naapa, ilivuta. Lakini Tingatinga alikuwa bado amesimama, Baba, na kazi yangu ilikuwa mbele. Nikainama.

Ulinifundisha vyema, na uliniharibu. Yote mawili. Ile ngumi ni yako, nami nakushukuru kwayo mpaka kaburini. Ile tabia ya kungoja nimeitoa mwenyewe, kwa matapishi na damu. Na hilo neno lako, "vizuri," nimelisoma, nimefurahi, nimelikunja nikaliweka. Ingekuwa mwaka jana ningetembea nalo kifuani kama hirizi. Ila nilishajua, Baba. Nilijua hata kabla hujapiga mluzi.

Pambano langu lingine ni Desemba. Njoo, na safari hii ugonge mlango, usiende stendi kama mgeni. Nitakuwekea kiti cha mbele kabisa. Upige mluzi mpaka mbavu zikuume. Sitageuka, na wewe usinune.

Mwanao akupendaye,
Siafu